Neno Asiloambiwa Kaka

Mchuzi wa kambale haukuwa na chumvi, na kila aliyekaa pembeni ya turubai la kupigia mpunga alilijua hilo kwa tonge la kwanza. Wavunaji walitazamana, wakameza. Kasmiri, mwenye shamba, alicheka kicheko kifupi cha kufunika aibu, akamwita mke wa mwanawe alete kopo la chumvi. Rosemery alikuja mbio, akatia, akakoroga, akarudi kwenye mafiga bila kumtazama mtu usoni. Msimu wote wa mavuno mambo yalikuwa hivyo: Balbina, mama mkwe wake, anapika, na chumvi inatiwa na mtu mwingine.

Huko Chita, kama kwingi bondeni, mwanamke aliye kwenye siku zake hatii chumvi chunguni. Haelezwi sababu ndefu. Anaambiwa tu kwamba watu wa nyumba watashikwa na kikohozi. Msichana hufundishwa hivyo anapovunja ungo, na siku zake zikikoma uzeeni anaachiliwa, anatia chumvi apendavyo mpaka kaburini. Balbina alikuwa ameachiliwa zamani. Alikuwa na wajukuu wanaosoma. Ndiyo maana Rosemery, alipoitwa mara ya kwanza, alidhani mama mkwe amesahau. Mara nyingine akadhani anapimwa adabu. Mwishowe akaelewa, akaona haya kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

Aliyefurahi ni Kasmiri, tusimfiche. Kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, alianza kujivuna, kwa mafumbo kwanza, kisha waziwazi, kwamba kuna watu nyumba zao zimezeeka na kuna watu nyumba zao zinachipua upya. Wazee wenzake walimcheka, na mmoja wawili wakamwonea wivu. Dada yake, Scolastica, alimletea Balbina jogoo wa kumpongeza. Jogoo! Balbina alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kumfunga nyuma ya nyumba. Alijua kwamba kinachomtoka si siku. Siku huwa na mwezi wake. Hii ilikuja ilipotaka, mara damu, mara maji yenye harufu, na kiuno kilimkata hata akashindwa kuinuka kitandani. Lakini maneno hayo angemwambia nani? Aliacha kutia chumvi, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema, na wote waliielewa vibaya, kuanzia mume wake. Mvua za Elnino zilikuja zikaizamisha mbuga nzima, zikaondoka, na yeye bado alikuwa anatoka damu.

Siku hiyo ya mchuzi alianguka palepale kwenye mafiga, sufuria mkononi. Khanga ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni mpaka kwenye magoti, na halikuwa jambo la kufichika. Rosemery alivua khanga yake ya mabegani akamfunika. Wavunaji waliinuka mmojammoja, wakaenda kuutazama mpunga ambao walikuwa wamekwisha kuupiga.

*

Hospitalini Ifakara walimkwangua, wakapeleka kinyama Dar es Salaam, wakangoja majibu mpaka Balbina akazoea harufu ya dawa ya kudekia sakafu. Majibu yalipofika, Daktari Justin hakumwita ofisini. Alikuja akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kijana wa umri wa mwanawe Salvatory, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Ni kansa, mama. Kansa ya kizazi, kwenye ukuta wake wa ndani. Kizazi lazima kitoke, hapo hatubishani. Tunabishana kuhusu mitoki."

"Mitoki?"

"Si unaujua mtoki? Ule unaovimba kinenani ukijikata mguu na jembe."

"Naujua."

"Basi iko mingine ndani, ndani ya nyonga, imefuata mishipa mikubwa. Kansa ikihama kizazi, kituo chake cha kwanza ni pale. Mimi ningetoa kizazi, niipapase hiyo mitoki, ile ninayoitilia shaka niichukue nikaipime, iliyobaki niiache. Hiyo ndiyo operesheni ndogo. Yule daktari mgeni, uliyemwona mwenye ndevu, anataka kuitoa yote, kulia na kushoto, na ile ya juu karibu na mgongo. Hiyo ndiyo kubwa. Anaijua vizuri, na yuko hapa mpaka mwisho wa mwezi tu."

Balbina alifikiri kidogo. "Ipi inaponya?"

Daktari Justin alikuna shingo. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli siku hiyo haukumsaidia kitu. "Hakuna anayejua, mama. Huko Ulaya ndiyo kwanza wanawagawa wagonjwa kwa kura: huyu ndogo, huyu kubwa, wangoje miaka waone nani bado yuko hai. Mwenzangu anasema ukiacha hata mtoki mmoja wenye ugonjwa umemwua mtu. Mimi nasema kama mitoki ni mizima, kuing'oa hakumwongezei mtu siku."

"Na hiyo kubwa, ubaya wake nini?"

"Mguu. Si wote, lakini wapo ambao mguu unavimba. Mitoki ndiyo njia ya maji ya mguuni kurudi mwilini. Ukishavimba, haurudi kuwa kama zamani."

Balbina alitazama miguu yake juu ya shuka. Ilikuwa miguu ya kupandia mpunga, mipana, nyufa kisiginoni, imekaa kwenye tope tangu utotoni. Ndiyo iliyomlisha. Kule kwao mwanamke mwenye mguu uliovimba hasogei na wenzake kwenye mstari wa kupandikiza. Anaachwa dunguni ainge ndege, na watu wanasema ana matende, wanamwekea kikombe chake peke yake.

"Mimi nataka ndogo," alisema.

"Nimekusikia, mama. Lakini ndugu ndio watakaotia sahihi."

Alitamani kuuliza mguu utakaovimba ni wa nani. Hakuuliza. Alilelewa vizuri mno.

*

Kasmiri alikataa kutia sahihi peke yake. Si kwamba hakumpenda mkewe. Tangu siku ile ya mafiga alikuwa amenywea, hataki ulanzi, hataki hata kukutana na wazee aliojivuna mbele yao. Lakini mwanamke ana kwao, na akifia mezani, watu wa kwao watakuja kuuliza nani aliruhusu apasuliwe. Kwa hiyo ujumbe ulipelekwa kwa njia ya reli mpaka Uchindile, kwa kaka mkubwa wa Balbina.

Kelestini alishuka na treni, amevaa koti la kazi la reli ingawa alikuwa amestaafu. Alikuwa mnyapara wa genge la njia kwa miaka mingi, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayesikika juu ya nyundo. Alipofika wodini alisimama hatua kadhaa kutoka kitandani.

"Shikamoo kaka," Balbina alisema, akivuta shuka mpaka kidevuni.

"Marahaba. Pole sana dada yangu. Unaumwa nini?"

"Tumbo, kaka."

"Tumbo," Kelestini alikubali, akaliacha hapo. Dada hamtajii kaka yake mambo ya chini ya kitovu, na kaka mwenye akili haulizi. Walilelewa nyumba moja, wakala sahani moja mpaka Balbina alipovunja ungo, na tangu siku hiyo Kelestini hakuketi tena kwenye kitanda anacholalia dada yake. Wakati wa harusi ya Balbina alitoka nje mabibi walipoanza kumfunda. Heshima hiyo alikuwa akiionea fahari.

Daktari Justin aliwaita ofisini yeye na Kasmiri. Daktari mgeni alikuwepo pia, amekunja mikono, akingoja kutafsiriwa.

"Mzee," Daktari Justin alianza, "dada yako ana ugonjwa kwenye kizazi. Katika via vya uzazi vya mwanamke..."

Kelestini aliinuka. Kiti kilianguka nyuma yake. "Daktari! Mimi ni kaka yake, tumbo moja. Maneno hayo huniambii mimi."

"Lakini mzee, usipoelewa utaamuaje?"

"Niambie ninayoweza kusikia. Mnataka kumfanya nini?"

"Kuna operesheni mbili. Moja ndogo, moja kubwa."

"Ndogo ni ipi?"

"Tunatoa... tunatoa sehemu yenye ugonjwa, tunaangalia jirani zake, tunaacha vilivyo vizima."

"Na kubwa?"

"Tunatoa na jirani zote. Ila, mzee, kubwa ina madhara, kwa sababu kwenye nyonga..."

"Basi, basi!" Kelestini aliinua kiganja. Alimgeukia Kasmiri. "Wewe shemeji unataka ipi?"

Kasmiri alitazama sakafu. Balbina alikuwa amemnong'oneza asubuhi ile: ndogo, baba Salvatory, waambie ndogo, sitaki mguu. Alijua kila kitu. Lakini angemwelezaje shemeji yake habari za nyonga za mke wake? Kila neno lililomjia lilikuwa na uchi ndani yake. "Mimi naona ndogo," alisema. "Atapona upesi. Shamba nalo..."

Hapo ndipo alipoharibu. Alitaja shamba kwa sababu shamba lilitajika, na Kelestini akasikia shamba tu.

"Shamba!" alisema kwa sauti ile ya genge. "Dada yangu anaumwa, wewe unafikiria nani atakupandia mpunga! Unataka wamfanyie nusu kazi ili arudi haraka kuinama? Ndogo! Mimi nimeng'oa mataruma ya reli yaliyooza maisha yangu yote. Ukiona moja limeoza unatoa na ya pembeni, la sivyo treni inaanguka. Daktari, fanya kubwa. Leta kalamu."

Daktari Justin alimtafsiria mwenzake. Daktari mgeni aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akampa Kelestini mkono.

*

Kitanda cha jirani alilala Minza, Msukuma wa kwenye ng'ombe kule mbugani, amekuja kukatwa uvimbe wa shingoni. Alikuwa hana simile. Aliposikia kwamba imekuwa kubwa, na Balbina analia ameugeukia ukuta, alijiinua kwa viwiko.

"Mayu, mama yangu, huyo kaka yako anajua habari ya mguu?"

"Hajui."

"Kwa nini hajui?"

"Hawezi kuambiwa. Ni kaka yangu."

"Mimi si dada yake. Nitamwambia mimi. Yuko pale nje kwenye majiko ya wauguzaji, namwona kwa dirisha. Natoka sasa hivi, nasema: baba, shikamoo, huyo dada yako wakimkwangua mitoki yote ya nyonga atavimba mguu kama gogo, na daktari mwenyewe hana hakika. Kwisha. Maneno mangapi hayo?"

Alikuwa amekwisha kuteremsha miguu. Balbina alimshika khanga.

"Hapana. Usiende."

"Kwa nini?"

"Atajua kwamba mimi ndiye niliyekuambia. Atajua nimezitaja nyonga zangu ili zimfikie."

Minza akarudisha miguu kitandani. "Nyie watu mna adabu za kuua," alisema, akajifunika.

Balbina alijua kwamba amekosea pale alipokuwa bado ameishika ile khanga. Angeweza kuiachia. Hakuiachia, na asubuhi walikuja kumchukua kwa kitanda cha magurudumu.

*

Operesheni ilikwenda vizuri. Kila mtu alisema hivyo. Ilimaliza karibu siku nzima, damu aliongezewa na Salvatory, aliyekuwa askari, na mwenzake wa kambini, na alipozinduka alisikia daktari mgeni akicheka na manesi. Daktari huyo aliondoka na ndege kabla nyuzi hazijatolewa. Majibu ya mitoki yalikuja baadaye sana, Balbina akiwa amerudi kwa ajili ya kuangaliwa, Kasmiri na Kelestini wakiwa naye.

"Yote ni safi," Daktari Justin alisema. "Mitoki yote. Hakuna hata mmoja uliokuwa na ugonjwa. Ulikuwa umebaki ndani ya kizazi tu."

Kasmiri alipiga makofi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kelestini, ambaye alisimama mlangoni ili asisikie zaidi ya alichotaka, alilisikia neno safi, na uso wake ukachanua. "Mmeona? Ndiyo maana nilisema kubwa."

Daktari Justin alitazama viatu vyake. Balbina alimwona akitazama viatu, akaanza kuelewa polepole, wenzake walipokuwa wanacheka: kama yote ilikuwa safi, basi ile ndogo ingetosha. Walikuwa wameng'oa mizima. Alitabasamu pamoja nao kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mguu wa kushoto ulianza kujaa maji wakati wa kutengeneza vitalu vya mbegu. Mwanzo ilikuwa kifundo tu, jioni unavimba, asubuhi unanywea. Kisha ukaacha kunywea. Ngozi ilikaza mpaka ikang'aa, ndala hazikuingia, na alipobonyeza kidole shimo lilibaki. Alirudi kwa Daktari Justin, akapewa vitambaa vya kufungia na maelezo: uinue juu ya mto, uoshe kwa sabuni, usiingie topeni. "Na jambo moja kubwa kuliko yote," alisema. "Wembe usiuguse mguu huu. Wala sindano, wala mwiba ukiweza. Hauna walinzi tena. Uchafu ukiingia hapo unapanda mwilini, na unaweza kukuua mahali ambapo kansa imeshindwa."

Usiingie topeni! Alisema hivyo kwa mwanamke wa Chita mwezi wa Januari. Wanawake walikwenda mbugani, Rosemery akiwa mbele, na Balbina alibaki uani na mguu juu ya kinu kilicholazwa. Aliwasikia wakicheka njiani mpaka walipozama kwenye mabua. Scolastica, yule wa jogoo, alikuja kumjulia hali, akapewa togwa, akaacha kikombe pembeni bila kukigusa. Wakati wa kuaga alisema kwamba matende hayaambukizi, yeye anajua, ila tu leo ameshiba. Kasmiri alifanya kazi ya watu wawili na kurudi bila neno. Usiku hakumgusa, aliogopa kuuumiza mguu, au aliuogopa mguu wenyewe, na Balbina hakutaka kujua ni kipi. Uchungu wake ulikuwa mwingi kuliko mguu. Alikuwa hai, na hapakuwa na mtu wa kumlalamikia kwamba yuko hai.

*

Kelestini alikuja masika yakiwa yamekolea, saa za asubuhi, bila kutoa taarifa. Alikuwa amesikia kwa watu wa treni kwamba dada yake ana matende. Nyuma yake alikuja mtu mfupi mwenye mkoba wa ngozi.

"Huyu ni Raimundi," Kelestini alisema, akiketi kwenye kigoda. "Si mganga wa ramli, usiogope. Ni fundi wa miguu. Amenyonya damu mbaya kwa watu wengi kule kwetu juu, wanatembea."

Raimundi aliomba maji ya vuguvugu. Alifungua mkoba, akatandaza kitambaa, akapanga pembe zake za kuumikia na nyembe ambazo zilikuwa zimeanza kutu ubavuni. Rosemery alisimama na birika mkononi, hajui amimine au asimimine. Kasmiri alikuwa mlangoni.

"Shemeji," Kasmiri alisema, "daktari alikataza wembe."

"Kwa nini alikataza?"

Kasmiri alifungua mdomo. Balbina alimwona akitafuta, akazunguka, akafika palepale alipokwama kule ofisini. "Alisema... si vizuri tu," alimaliza.

"Madaktari walimtibu tumbo, tumbo likapona. Mguu hawaujui, ndiyo maana unaendelea kuvimba. Fundi, anza."

Raimundi aliushika mguu kwa mikono miwili, kwa upole, kama mtu aliyezoea. Aliupapasa muundi akitafuta mahali, akachukua wembe. Balbina aliuvuta mguu. Ulikuwa mzito, ulikwaruza mkeka.

"Weka wembe chini, fundi."

"Dada, acha woga," Kelestini alisema. "Ni kuchanjwa kidogo tu. Mimi nipo."

"Si woga, kaka. Nataka nikuambie kitu."

"Utaniambia baadaye."

"Nakuambia sasa. Sikuumwa tumbo. Niliumwa kizazi."

Kelestini alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Balbina."

"Nilitokwa na damu mwaka mzima, mimi bibi mwenye wajukuu. Huku chini, kaka. Watu wakadhani nimerudi usichana, wakaniletea jogoo."

"Nyamaza! Watu wapo!"

"Wakanipasua, wakatoa kizazi. Hapo palitosha. Daktari alitaka kuishia hapo. Wewe ukasema watoe na jirani. Unawajua hao jirani? Ni mitoki ya ndani ya nyonga zangu, hii, na hii." Aliweka viganja vyake pale hasa, juu ya khanga, mbele ya macho ya kaka yake. "Ndiyo iliyokuwa inarudisha maji ya mguu huu. Waliing'oa yote, na yote ilikuwa mizima. Lile neno safi ulilolifurahia maana yake ni hiyo. Sina matende. Mguu wangu umekufa kwa sahihi yako, na huyu akinichanja kwa wembe wake, ninakufa na mimi."

Kelestini alikuwa amefunika masikio, lakini alikuwa amechelewa. Raimundi alianza kukusanya pembe zake bila kuambiwa. Mvua ilikuwa inachuruzika kwenye makuti ya jikoni.

Balbina alipoona machozi ya kaka yake alitamani kuyameza maneno yote, kila moja. Alikuwa anampenda. Mtu huyu alimbeba mgongoni kuvuka Mto Mnyera walipokuwa wadogo. "Kaka," alisema, "hukujua. Hakuna aliyekuambia. Mimi mwenyewe nilimzuia mtu asikuambie."

Kelestini alisimama, akavaa koti. Hakumtazama. Alimwambia Kasmiri, "Shemeji, huyu dada yangu amenivua nguo mbele ya watu. Mimi sitamwona tena, wala wa nyumbani kwangu hawatamwona." Akatoka mvuani, Raimundi nyuma yake na mkoba wake chini ya kwapa.

*

Raimundi hakuwa mtu wa kutunza mdomo. Kabla ya Pasaka habari zilikuwa zimeipanda reli stesheni hadi stesheni: kuna mwanamke Chita ametaja nyonga zake mbele ya kaka yake. Wanaume walitema mate chini. Kasmiri alipoulizwa kwenye ulanzi kama ni kweli, alisema ni kweli, na kwamba angekuwa yeye mwanaume kamili angesema yeye, mapema. Halafu akaondoka bila kumaliza kikombe chake.

Wiki moja baada ya Pasaka alikuja msichana na treni. Alikuwa Katarina, bintiye mkubwa wa Kelestini, na alipiga hodi kwa sauti ndogo huku akitazama nyuma kana kwamba anafuatwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Baba yako kakuruhusu?"

"Hajui. Nimesema nakwenda Mlimba sokoni. Mama kanituma." Aliketi, akafungua fundo la khanga na kulifunga tena. "Anauliza, ile damu yako ilianzaje?"

Balbina aliteremsha mguu kutoka kwenye kinu. "Kwa nini anauliza?"

"Anasema, ilianza kidogokidogo tu, kama ya kuosha nyama? Halafu ikawa na harufu?"

"Yeye imemwanza lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Na baba yako anajua?"

Katarina alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nani amwambie, shangazi?"

Balbina alimwita Rosemery alete vitambaa. Aliufunga mguu mwenyewe, kuanzia vidoleni, akikaza kila mzunguko mpaka jasho likamtoka, akapita juu ya goti. Kisha akamwambia Kasmiri atoe baiskeli, amwahishe stesheni kabla treni ya kupanda haijapita.

Kasmiri aliishika baiskeli, hakuisukuma. "Mama Salvatory, ulisikia alivyoapa. Akikufukuza mlangoni?"

"Atanifukuza nikiwa nimeshasema," Balbina alijibu, akaushika mguu wake kwa mikono miwili na kuupandisha kwenye baiskeli.